Mume anayepiga apelekwe wapi? Njia zilizopo Tanga, na ipi ataimaliza

Nina daftari la mahudhurio ambalo kurasa zake mbili za mwanzo zimechakaa kwa kushikwashikwa, na zilizobaki ni nyeupe kama zilivyotoka dukani. Ni la kikundi cha wanaume tulichojaribu kukiendesha Ngamiani, chumba cha kuazima, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Waliandikwa wanaume kumi na mmoja. Jumamosi ya kwanza walikuja tisa. Ya nne walikuja wawili, na mmoja alikuwa amepita kuuliza kama kuna nauli.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na wanaonijia zaidi si wanaume hao. Ni wake zao, mama zao na dada zao. Akishalia na kunywa maji, swali lake karibu kila mara ni lile lile: "Sasa dada, huyu tumpeleke wapi?" Hataki mumewe afungwe. Talaka haitaki, au haitaki bado. Anataka mtu aache mkono. Na pa kumpeleka papo, tena zaidi ya mahali pamoja. Ila watu hupima kwa vipimo visivyosaidia: wapi hakuna aibu, wapi ni bure, wapi ni karibu na nyumbani. Kipimo changu siku hizi ni kimoja: wapi atarudi mara ya nne?

Kabla sijaendelea. Kama amemkaba mkewe shingo, ametishia kumuua, ameshika panga au anamfuata anakokwenda, usikae kulinganisha. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, pata PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali (haiuzwi), nenda hospitali, na tafuta pa kulala usiku huo. Hasa kukabwa shingo. Wanawake wengi hulitaja mwishoni kana kwamba ni dogo kwa sababu halikuacha alama, kumbe ni miongoni mwa dalili mbaya kuliko zote kwamba safari nyingine anaweza kuua.

Waliohesabu wanasema nini

Marekani wana madarasa ya wanaume wanaopiga kwa zaidi ya miaka 40. La kwanza, Emerge, lilianzishwa Boston mwaka 1977, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mpango wa Duluth, mji wa bandari jimbo la Minnesota, ambao ndio ulioigwa kuliko mingine. California wameweka kwenye sheria kabisa: wiki 52, saa 2 kila wiki, yote yaishe ndani ya miezi 18, na usikose zaidi ya mara 3 bila sababu ya maana.

Na pamoja na sheria yote hiyo, watu wanaacha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba katika madarasa ya ukatili wa nyumbani karibu wanaume 38 katika kila 100 hawafiki mwisho. Sura za wanaoacha zinafanana: kijana, hana kazi, shule aliiacha mapema, ana makosa mengine huko nyuma, anakunywa au anatumia dawa za kulevya. Wanaomaliza ni wenye umri, wenye kazi, walio bado kwenye ndoa, na wale walioletwa na mahakama. Nilipoiona orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka kidogo, maana nilikuwa nimekwisha kuiandika mimi mwenyewe kwa majina ya watu, kwenye mitaa yetu ya Mabawa na Makorora. Aliyeacha mapema kuliko wote alikuwa kijana wa kibarua. Aliyebaki hadi mwisho alikuwa baba wa miaka hamsini na kitu, fundi baiskeli, mtu wa kufungua banda lake saa ile ile miaka yote.

Kwa hiyo unapochagua, anza na mtu unayempeleka, kisha ndio uitazame njia.

Baraza, au ofisi ya ustawi wa jamii

Wengi huanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la msikiti au la kanisa, kwa sababu ndilo wanalolijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upitie huko kabla ya kudai talaka mahakamani. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, ila sijawahi kuona kifungu hicho kimebandikwa ukutani kwenye baraza lolote nililoketi.

Uzuri wa baraza ni ufupi. Vikao viwili, vitatu, mtu amemaliza. Lakini amemaliza nini? Kazi ya baraza ni kupatanisha, na likishindwa, kutoa hati ya kusema limeshindwa. Halikuundwa kumfundisha mtu azuie mkono wake hasira ikipanda. Ukiuliza "alimaliza?" jibu ni ndiyo, na bado hujajua kitu.

Uzuri wake mwingine watu hawautaji, nao ndio mkubwa zaidi: wazee wa baraza hawahami. Mzee aliyemwonya Ijumaa atakutana naye msibani Jumanne na kwenye maulidi mwezi ujao, na atamtazama tu. Kutazamwa huko ni ufuatiliaji ambao hakuna ofisi inayoweza kuulipia. Hata Qurani, Suratun Nisaa aya ya 35, inataka hakamu wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, yaani watu wanaobaki karibu hata kikao kikiisha.

Ubaya wake: mke anaulizwa mbele ya mume. Nimekaa kwenye kikao ambapo mwanamke aliulizwa, "Alikupiga na nini?" akamtazama kwanza mumewe, kisha mikono yake mwenyewe, akasema, "Sikumbuki." Alikuwa ameniambia asubuhi yake. Ulikuwa mwiko wa kusongea ugali.

Ofisi ya ustawi wa jamii ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Anaitwa peke yake, mke peke yake, mlango umefungwa, na afisa anaweza kumpangia vikao vinavyofuatana. Kama shida ni mtu ambaye hajawahi kukaa na kuzungumza juu ya alichofanya, hapa ndipo. Shida ni foleni. Mwanamume huyu anakuja Jumatatu macho mekundu kwa majuto, anaambiwa arudi tarehe ishirini. Ikifika tarehe ishirini, kanga ya pole imeshanunuliwa, imekatwa, imepindwa, kuku ameliwa, na haoni tena anakwenda kufanya nini. Kadiri siku zinavyokuwa nyingi kati ya kuandikishwa na kikao cha kwanza, ndivyo wengi wanavyopotelea njiani. Hili si la Tanga peke yake.

Nikilazimishwa kuchagua moja, nachagua ustawi kwa kazi yenyewe, halafu naazima mzee mmoja wa baraza kwa kazi ya kumtazama. Asije kusuluhisha kitu. Awe tu yule anayeuliza, "Umekwenda?"

Kwa amri, au kwa hiari

Watu wema hupenda hiari. Mtu akija mwenyewe, wanasema, ndiye atakayebadilika. Mimi pia nilisema hivyo.

Hesabu zinasema vingine: aliyeamriwa na mahakama humaliza zaidi. Na amri yenyewe haitoshi, inayofanya kazi ni tarehe ya kurudi. Huko Pittsburgh, Marekani, mahakama ilipoanza kuwaita tena wanaume baada ya wiki chache kuangalia nani ameanza darasa na nani hajaanza, idadi ya wasiotokea kabisa ilishuka sana. Darasa lilikuwa lile lile, walimu wale wale. Kilichoongezeka ni hakimu kuuliza.

Kwetu hakuna sheria inayomtuma mpigaji darasani kwa wiki kadhaa, wala hatuna sheria moja mahususi ya ukatili wa nyumbani. Kesi hupita kwenye Kanuni ya Adhabu: shambulio la kawaida, au shambulio la kudhuru mwili ambalo kifungo chake kinafika miaka 5. Kwa shambulio la kawaida, hakimu anaruhusiwa kuhimiza mapatano. Anaweza pia kumwachia mtu kwa masharti, akawa chini ya afisa wa uangalizi. Kwenye mianya hiyo ndipo ushauri unapopata nafasi, hakimu akipenda.

Tatizo ni kwamba kesi ikifutwa, ushauri nao unakufa. Nilikuwa na bwana mmoja aliyehudhuria mara saba mfululizo, anafika kabla yangu, anapanga viti. Mkewe akashawishiwa na wakwe, kesi ikamalizwa kifamilia. Wiki iliyofuata hakuja. Nikampigia. Akanijibu kwa adabu zote: "Bi mkubwa, si ile ngoma imekwisha?"

Basi kama hamtaki mahakama, tafuteni amri nyingine. Hapa mjini mwenye amri mara nyingi si mke wala shehe. Ni mjomba, ni mama mzazi, ni tajiri mwenye boti anayempa kazi. (Najua kuna watakaosema hii ni kurudisha mambo ya mke mikononi mwa ukoo. Nakubali, na silipendi. Lakini nimeona mwanamume aliyepuuza barua mbili za mwenyekiti wa mtaa akaja mbio kwa simu moja ya mjomba.) Mjomba huyo aambiwe wazi kwamba kazi yake ni kuhakikisha mtu anakwenda. Mke kurudi nyumbani au kutorudi si juu yake.

Kwa mwanamume mwenye rekodi ya nyuma, au anayekana kila kitu, sina njia ya hiari ya kupendekeza. Huyo ni dawati na mahakama.

Kikundi, peke yake, au pamoja na mke

Kikundi kina faida moja ambayo mshauri peke yake hawezi kuitoa: wanaume wanajua visingizio vya wanaume. Mmoja akisema "alinichokoza", mshauri ataeleza kwa dakika kumi. Mwenzake atasema, "Na bosi wako hakuchokozi?" na yamekwisha. Ila Tanga ni mji wa watu kujuana. Yule wa kiti cha pili ni rafiki wa shemeji yako, na ya chumbani yatafika kijiweni kabla ya alasiri. Nadhani hilo liliua kikundi chetu kuliko nauli. Mtu mwenye jina, mwalimu au mtumishi, mwanzishe peke yake.

Kuhusu kukaa pamoja na mke, kila mtu analipenda wazo hilo na kila mtu analishauri: "Waiteni wote wawili." Kwa mume ambaye tayari anapiga, nakataa. Akisema kweli mle ndani, atailipia nyumbani, na akinyamaza, kikao hakina maana. Majimbo mengi ya Marekani yanazuia vikao vya pamoja hadi mpigaji awe amemaliza vyake.

Nitajibiwa kwa mfano wa Rwanda, na ni mfano mzuri. Mpango wa Bandebereho uliwakusanya akina baba kwa vikao 15, baadhi wakiwa na wake zao, wakazungumzia uzazi, malezi, pesa na ugomvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta wanawake wa kundi hilo walipigwa kidogo kuliko wa kundi la kulinganishia. Lakini wale walikuwa baba vijana na wanaotarajia mtoto. Hawakuchaguliwa kwa sababu wanapiga. Kwa mwanao anayeoa mwezi ujao, ningempeleka kwenye kitu kama hicho leo. Kwa aliyeshavunja mkono wa mtu ni habari nyingine.

Jumamosi saa nne

Hili ndilo nililojifunza kwa kuchelewa, na ndilo ninaloona wapangaji wa vikao wanalikosa zaidi.

Wanne katika wale kumi na mmoja walikuwa mabaharia wa dagaa, wanaotua Deep Sea na Sahare. Nikawaandika wavivu, daftari bado lina alama zangu nyekundu. Mpaka siku moja mama mmoja muuza vitafunio pale mwaloni akaniuliza, "Kwani unawaita lini?" Nikasema Jumamosi. Akacheka mpaka akaweka sinia chini. "Mwanangu, dagaa wanaijua Jumamosi?"

Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa zinahitaji giza. Mwezi ukiwa mchanga au umefifia, boti zinatoka jioni na kurudi alfajiri, na saa nne asubuhi baharia amelala, au yuko kwenye mgao akihesabu chake. Mwezi ukikomaa, samaki hawaifuati taa, boti zinakaa pwani siku saba, nane hivi. Ratiba yangu ya kila Jumamosi ilikuwa inamtaka aje Jumamosi tatu ambazo hawezi, na mara moja tu katika wiki ambayo angeweza kuja hata mara tatu. Ongeza wanaohama kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, kufuata samaki msimu ukigeuka, hao humwoni miezi.

Tukabadilisha. Wavuvi tukawaita kipindi cha mbalamwezi tu, vikao vitatu ndani ya wiki moja, jioni baada ya magharibi, kisha kimya hadi mwezi mwingine. Haifanani na darasa lolote la California. Wanakuja. Tena siku za mbalamwezi ndizo ambazo mume yuko nyumbani usiku, hana pesa mpya, na wake zao wameniambia ndizo mbaya. Kikao kinaangukia pale pale ugomvi unapoangukia.

Wa kiwanda cha saruji Pongwe wana zamu zao, wa mashamba ya mkonge wana mwisho wa mwezi wao, dereva wa bajaji ana hesabu ya tajiri kila jioni. Uliza kwanza. Kama njia unayoilinganisha haina jibu kwa swali "siku gani huyu hafanyi kazi?", iweke chini hata kama mshauri wake ana shahada tatu.

Pombe kwanza?

Wakwe husema, "Ni mnazi tu, akiacha mnazi atatulia." Mnazi, gongo, bangi, unga: kweli vyote vinaongeza kuacha vikao, na kweli vinaongeza kupiga. Lakini mlevi huyu anapita vijiwe vitatu bila kumgusa mtu, anajadiliana nauli na bodaboda kwa heshima, akifika kwake ndio mkono unaamka.

Kwa hiyo sioni haja ya kuchagua kati ya tiba ya ulevi na ya mkono. Ziende pamoja. Lusaka, Zambia, walifanya majaribio kwa familia 248, tiba fupi ya kila wiki iliyogusa unywaji na ukatili kwa wakati mmoja, mume na mke wakihudhuria makundi tofauti. Vyote viwili vilipungua. Hapa mjini anzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize huduma ya afya ya akili, huku vikao vya ustawi vikiendelea. Ukimsubiri awe mkavu kwanza, utamsubiri sana.

Simu ya Ijumaa

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ambao naupenda kwa udogo wake. Walichofanya ni kumpigia mwanamume simu ya kumkumbusha, na akikosa kikao, kumwandikia barua fupi kwa mkono. Mahudhurio yakapanda.

Tangu hapo, njia yoyote ninayoipendekeza nauliza: nani atampigia akikosa? Baraza likijibu "hatupigi", na ofisi ikijibu "tunamtumia barua kupitia mtaa", naijaza nafasi hiyo mwenyewe kwa salio langu. Ujumbe wangu ni mfupi: "Tumekukosa leo, kaka. Kiti chako kipo." Wengine hawajibu, lakini wiki inayofuata wanakuja na kukaa karibu na mlango.

Upande wa mke

Mke akisikia mume ameandikishwa, anarudi. Hilo limeshaonekana kwenye tafiti, na mimi naliona kila mwezi. Mtafiti Edward Gondolf aliwafuatilia wanaume 840 wa miji minne ya Marekani kwa miaka, akakuta wengi wa waliorudia kupiga walirudia ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Yaani kipindi kile kile ambacho familia inapumua ikisema "kaanza darasa." Nikiulizwa na mke arudi lini, simpi tarehe, ila namwambia kuandikishwa kwa mume si tarehe hiyo. Na njia yoyote mtakayochagua iwe na mtu anayemuuliza yeye, peke yake, kwa simu yake, kama mambo yamebadilika. Daftari la mahudhurio linajua tu nani alikaa kwenye kiti.

Kikundi cha mbalamwezi kiko kwenye daftari jipya sasa. Nahodha mmoja, wa miaka thelathini na kidogo, alisema hataki nimweleze mtu yeyote anachosema mle ndani, ila mama yake naweza kumwambia kama amekuja au hakuja. Basi kila baada ya kikao bibi huyo anapita mlangoni kwangu na mkoba wake wa ukindu, haketi. "Kaja?" Nikisema kaja, anageuka na kwenda zake bila hata kuaga.